Kumfundisha mbwa mchungaji mwenye nguvu nyingi katika mji wa Malindi

Mbwa wa kuchunga mifugo hufika Malindi kwa njia nyingi. Wengine huletwa na wageni wanaohamia pwani, wakiwemo Waitaliano ambao wameishi hapa kwa miongo mingi, na mwenyewe anaporudi kwao au anapofariki, mbwa hubaki mikononi mwa mlinzi wa nyumba au jirani. Wengine hutoka bara, walikonunuliwa wakiwa wadogo kwa sababu ya sura zao, kisha wakawashinda wenyewe walipotimiza mwaka mmoja na kuanza kuruka kuta. Awe ni Border Collie, German Shepherd, Australian Cattle Dog au chotara wa mmojawapo, mlezi mpya hana budi kuelewa jambo moja kabla hajanunua hata kamba: mbwa huyu amezaliwa kufanya kazi, na asipopewa kazi atajichagulia mwenyewe. Katika mji huu si vigumu kukisia atakachochagua. Atafukuza tuktuk, atawazunguka mbuzi wa jirani mpaka wajibane kwenye kona ya ukuta wakihema, na atawauma visigino watoto wanaocheza mpira uwanjani.

Tabia hizo si utundu. Mbwa mwitu anapowinda hufuata hatua zinazoandamana: hutafuta, hukazia macho, hunyatia, hufukuza, hukamata, kisha huua. Wachungaji wa kondoo katika eneo la mpaka baina ya Uingereza na Scotland walichagua, kizazi baada ya kizazi, mbwa ambao hatua za kukazia macho na kunyatia zilikuwa na nguvu sana, huku hatua za mwisho zikidhoofika. Mbwa aliyeitwa Old Hemp, aliyezaliwa mwaka wa 1893, ndiye anayehesabiwa kuwa babu wa Border Collie wengi wa leo. Wafugaji wa Australia nao walitaka mbwa wa kusukuma ng'ombe wakaidi, kwa hiyo kwao kuuma kisigino ilikuwa sifa. German Shepherd, ambaye Max von Stephanitz alianza kumsajili Ujerumani mwaka wa 1899, anatokana na mbwa waliotembea siku nzima kwenye mpaka wa malisho ili kondoo wasiingie mashambani, na ndiyo maana mbwa wa aina hiyo huufanyia doria ua wa nyumba bila ya kuagizwa na mtu. Kumpiga mbwa kwa kufanya kile alichozalishwa akifanye hakuondoi hamu hiyo. Kazi ya mlezi ni kuipa hamu hiyo njia, mwanzo wake na mwisho wake.

Ushauri unaotolewa kila mara kwa mlezi wa mbwa wa namna hii ni kwamba amkimbize ufukweni kila siku mpaka achoke. Mimi siukubali. Mbwa anayekimbizwa kilomita tano leo atahitaji saba mwezi ujao, kwa sababu moyo na misuli yake vinazidi kuimarika, ilhali hakuna alichojifunza kuhusu kukaa bila shughuli. Mazoezi ya mwili ni ya lazima, lakini yanapaswa kuja baada ya somo la kutulia, si mahali pake.

Wiki za kwanza

Siku chache za mwanzo usimfundishe chochote. Mpe pembe tulivu ya kulala, maji, chakula kwa saa zilezile, na matembezi mafupi kwenye njia ileile. Watu wanaolea mbwa walioachwa hukadiria kwamba mbwa huhitaji siku tatu ili hofu ipungue, wiki tatu ili azoee ratiba ya nyumba, na miezi mitatu ili ajione yuko kwao. Ni makadirio tu, lakini humzuia mlezi asikate tamaa katika wiki ya kwanza, na humzuia pia asijisifu mapema, kwani mbwa aliyekuwa mpole kwa woga huanza kuonyesha tabia zake halisi baada ya kuzoea.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo katika kipindi hicho. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka, na kama hukukabidhiwa cheti, hesabu kwamba hajachanjwa. Kupe wa pwani hawana msimu wa kupumzika, kwa kuwa joto lipo mwaka mzima, nao huambukiza magonjwa ya damu yanayoweza kumfanya mbwa awe mlegevu au mwenye hasira. Sikio lenye usaha au nyonga inayouma huweza pia kuonekana kama ukaidi wa mafunzo. Hakikisha kwanza kuwa mwili hauna tatizo, ndipo uishughulikie tabia.

Chunguza pia anachokijua tayari. Mbwa aliyelelewa na familia ya Kiitaliano huenda akakaa papo hapo akiambiwa "seduto" na akaja mbio akiitwa "vieni", hali akiwa hajui kabisa "kaa" wala "njoo". Ikiwa ndivyo, usianze upya. Tamka neno lako jipya, subiri nukta moja, kisha tamka lile la zamani, na umtuze anapotii. Baada ya kurudia hivyo kwa siku kadhaa ataanza kutii kabla hujafika kwenye neno la pili. Mpangilio huo una maana yake, kwani ukilitanguliza neno la zamani, jipya halitabeba habari yoyote na atalipuuza.

Mbwa aliyewahi kuzurura mitaani utamjua kwa ishara moja: inama kama unayeokota kitu, naye atajikunyata au atakimbia, kwa sababu amerushiwa mawe. Mbwa wa namna hii afundishwe upya maana ya mtu anayeinama. Inama kidogo ukiwa mbali naye, tupa kipande cha chakula upande wake, simama. Rudia ukizidi kuinama na kusogea pole pole, na watu wote wa nyumbani wafanye vivyo hivyo. Usipuuze jambo hili, maana mbwa anayemwogopa kila mtu anayeinama siku moja atamuuma mtoto anayefunga kandambili zake.

Somo la jamvi

Tafuta jamvi dogo, liwe lake peke yake, lisichanganywe na mikeka ya nyumba. Litandike barazani, simama kimya kando yake, na mara tu mbwa atakapolikanyaga, hata kwa mguu mmoja, mpe kipande cha chakula hapo hapo juu ya jamvi. Usimwite wala usimsukume. Mbwa wachungaji ni wepesi wa kuunganisha mambo, na haitachukua muda kabla hajalisogelea mwenyewe akikutazama. Hapo ngoja akae, kisha ngoja alale, na malipo yafuate kila hatua. Anapolala, lipa tena na tena akiwa palepale, kwanza kila baada ya nukta chache, halafu kwa nafasi zinazorefuka bila ya kufuata mpango anaoweza kuukariri.

Kiini cha somo hili hakimo katika kulala peke yake, bali katika hali ya mwili. Mbwa anaweza kulala huku misuli imekaza na macho yakikuganda, akisubiri amri ya pili. Huyo hajatulia, yuko kazini. Ulipe zaidi ule wakati anapolaza nyonga upande mmoja, anapoweka kidevu chini, anapopumua kwa nguvu kisha akalegea. Mpe chakula kwa mkono wa taratibu na sauti ya chini, kwa sababu sifa za kelele zitamwamsha. Anza ukiwa umesimama karibu naye, kisha tembea hatua mbili na kurudi, kisha ingia ndani na kutoka, kisha kaa upige soga na mgeni. Yakikamilika hayo, kunja jamvi ulichukue mkafanye somo lilelile kando ya duka, chini ya mwembe, au ufukweni mbali na watu. Mlezi anayeona uvivu kufanya mengine yote katika makala haya na afanye hili moja, kila siku, kwa mwezi mzima.

Malipo na kazi za akili

Mbwa hufanya zaidi kile kinachomlipa, na malipo yawe ya thamani kwake: maini ya kuchemsha, kuku asiye na mifupa, au dagaa wakavu waliosuuzwa chumvi. Vipande viwe vidogo, ukubwa wa punje ya hindi, na uvipunguze katika mlo wake wa siku ili asinenepe. Vitunguu, chokoleti na zabibu ni sumu kwake, na mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha kali vinavyoweza kutoboa utumbo.

Chagua neno moja fupi la kumjulisha kwamba amepatia, ulitamke katika nukta ileile ya kupatia, kisha ulipe. Lisiwe "haya" wala "sawa", kwani maneno hayo huyasikia mchana kutwa yasimhusu. "Hewala" linafaa, mradi nyumbani msiwe na mazoea ya kulitumia katika mazungumzo.

Kazi za akili humchosha mbwa huyu kuliko wengi wanavyodhani, na hazihitaji vifaa vya dukani. Jaza karai makumbi ya nazi, nyunyizia humo chakula chake cha asubuhi, na umwache akitafute kwa pua. Funika kipande cha samaki chini ya kifuu kimoja kati ya vitatu, uvizungushe, na umwache achague. Mfundishe majina ya vitu: kikapu, kandambili, mpira. Border Collie mmoja wa Marekani aliyeitwa Chaser alifundishwa majina ya vitu zaidi ya elfu moja, na matokeo yake yakachapishwa na watafiti mwaka wa 2011. Wako hahitaji hata robo ya hayo, lakini habari hiyo inatosha kumwonyesha mlezi jinsi akili hiyo inavyoteseka ikifungwa mnyororo siku kutwa. Mchezo wa kurusha mpira uwe mfupi. Kurushiwa mara mia mfululizo huumiza viungo, humpandisha jazba asiyoweza kuishusha mwenyewe, na huwafanya baadhi ya mbwa hawa wawe watumwa wa mpira. Taa ya leza usimchezee kamwe, maana mbwa wachungaji huanza kufukuza vivuli na miale ya jua ukutani, na tabia hiyo ikishika mizizi ni vigumu mno kuiondoa.

Joto na ufuo

Mbwa hujipoza hasa kwa kuhema, yaani kwa maji yanayovukizwa kinywani na kwenye njia ya pumzi, na hewa yenye unyevu kama yetu huzuia mvukizo huo. Mbwa mwenye hamu ya kazi hatakwambia amechoka. Atakimbia mpaka aanguke. Matembezi yawe alfajiri na baada ya alasiri jua likishapungua, na katika Februari na Machi yafupishwe. Weka kiganja juu ya lami au mchanga kwa nukta saba; ukishindwa kuvumilia, nyayo zake zitaungua. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39, na likifikia 41 uhai wake umo hatarini. Akihema bila ya kukoma, mate yakawa mazito, ufizi ukawa mwekundu sana au akayumba, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, kisha umkimbize kwa daktari hata kama anaonekana amepata nafuu.

Ufukweni mpe maji matamu kabla hajaanza kunywa ya bahari, na msuuze chumvi mkirejea. Chunga asile samaki waliotupwa na mawimbi, hususan bunju, ambaye sumu yake huua mbwa hata akiwa mkavu. Hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotangazwa mwaka wa 1968 na inayosimamiwa na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, si mahali pa kumwachia mbwa. Kasa hutaga mayai katika fuo za Malindi na Watamu, na mbwa hupenda kuyafukua. Mdomo wa mto Sabaki, ambako ndege wengi hutua kula na kupumzika, ni mtihani ambao mbwa mchungaji hatakiwi kufikishwa, kwa sababu kundi linaloruka ghafla ni karamu kwake, na kila mara anapolifukuza anajifunza kwamba kufukuza kuna raha.

Vinavyokimbia

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Nunua kamba nyepesi ya mita kumi, ile ya nailoni inayouzwa kwa mabaharia inatosha, uifunge kwenye mkanda wa kifuani na si shingoni, ili akifika mwisho wa kamba kwa kasi asijiumize. Mpaka atakapokuwa tayari, asitoke nje ya ua bila ya kamba hiyo.

Simama naye mbali na barabara ya Lamu, mahali ambapo anaziona tuktuk lakini bado anakusikia. Umbali huo hutofautiana. Kwa mmoja ni hatua ishirini, kwa mwingine ni kiwanja kizima. Ukiona ameganda, kichwa kimeshuka usawa wa mabega, macho hayapepesi, na chakula anachokipenda hakitaki, umekaribia mno, rudini nyuma. Katika umbali unaofaa, kila anapoitazama tuktuk sema "hewala" na ulipe. Usingoje aache kuitazama. Baada ya vipindi kadhaa ataiona tuktuk, kisha atakugeukia yeye mwenyewe kudai malipo, na mgeuko huo ndio mafanikio uliyokuwa ukiyatafuta. Ndipo msogee hatua chache. Kumpigia kelele au kumpiga wakati amejazana jazba humwongezea msisimko tu, na anaweza kugeuka akamuuma aliye karibu yake.

Sambamba na hilo, fundisha maneno matatu mpaka ayafanye bila ya kufikiri. "Lala" ndiyo breki, nayo lazima ifanye kazi akiwa mbali nawe na akiwa mwendoni: ifundishe kwanza akiwa miguuni pako, kisha mkitembea, kisha akiwa mwishoni mwa kamba, na mwisho akiwa anakimbia. "Njoo" ilipwe vizuri kuliko amri nyingine yoyote, na isitumiwe kamwe kumwita ili umkaripie, umwogeshe au umfunge. Neno la tatu ni "yatosha". Wachungaji wote wa kweli wana neno la kumjulisha mbwa kwamba kazi imekwisha, na mbwa wa nyumbani analihitaji zaidi, kwa kuwa bila yake ataamini kwamba mchezo bado unaendelea hadi usiku. Baada ya "yatosha" mpira hufichwa, mlezi huacha kumtazama, na mbwa huenda kwenye jamvi lake.

Watoto wasiachwe naye bila mtu mzima, hata akiwa mpole. Wafundishwe kusimama tuli na kukunja mikono anapoanza kuwazunguka, kwani anayekimbia na kupiga mayowe ndiye anayechungwa. Akimuuma mtu na kutoboa ngozi, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na aliyeumwa aende hospitali siku hiyohiyo kuulizia chanjo, hata kama mbwa amechanjwa.

Majirani

Wengi wa majirani zetu ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na kwao mate ya mbwa ni najisi inayohitaji kuoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Sheria hiyohiyo inaruhusu mbwa wa kulinda, wa kuwinda na wa kuchunga, kwa hiyo ugomvi mara nyingi hautokani na kuwepo kwake bali na kumrukia mtu aliyevaa kanzu anayekwenda kusali. Mbwa asiyeruka na asiyelamba watu ni adabu ya mlezi wake. Mgeni anapobisha hodi, mbwa aende kwenye jamvi na alipwe huko mpaka mgeni aketi. Mtu akipita kichochoroni, mbwa aje upande wa pili wa mguu wako na kamba iwe fupi. Epuka vichochoro vya msikitini nyakati za sala, na vyombo vyake vya chakula viwe na mahali pake. Baadhi ya mbwa hulia pamoja na adhana, kama wanavyolia wakisikia king'ora. Hapana haja ya kumchapa: dakika chache kabla ya wakati, mpe kifuu chenye chakula kilichogandishwa kwenye friji, akilambe ndani ya nyumba au nyuma ya ua.

Kumpeleka kwa mbuzi

Wapo walezi wanaotaka kumpa mbwa kazi yake halisi, na kwa kuwa vijiji vya kandokando ya Malindi vina mbuzi wengi, jambo hilo linawezekana. Lisifanyike kabla "lala" na "yatosha" hazijathibitika mbele ya vishawishi vingine, wala bila ya ruhusa ya mwenye mbuzi, ambaye akipata hasara ni haki yake kulipwa. Tumia zizi au kiwanja kilichozungushiwa ua, mbuzi wazima wachache waliozoea mbwa, pasiwe na mwenye mimba wala anayenyonyesha. Kamba ibaki mwilini. Mwache awatazame akiwa amelala, mlipe kwa kutulia, kisha mruhusu azunguke kwa umbali ambao mbuzi wanatembea na si kukimbia. Wakianza kukimbia, "lala". Dakika tano zinatosha kwa mara ya kwanza. Akijaribu kukamata manyoya au kuning'inia mguuni, mtoe nje papo hapo, na msirudi zizini mpaka mtu mwenye uzoefu wa kufundisha mbwa amtazame akiwa kazini.